Marufuku Kuingia Bila Haja

Napenda kuutangazia umma kwamba choo cha soko kuu ni kizuri.

Kimekuwa kizuri tangu Jumatatu ile Mheshimiwa Waziri alipomaliza chai yake akatia saini. Kabla ya hapo kilikuwa choo tu. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, wengine wakikimbia, bila hata mmoja wao kusimama na kutafakari. Hali hiyo imekomeshwa.

Aliyekigundua ni mimi. Sisemi hili kwa majivuno, maana majivuno yangu yote yameshaandikwa kwenye mlango wa ofisi yangu kwa herufi za shaba: MKURUGENZI MSAIDIZI, IDARA YA UZURI USIOTARAJIWA. Wageni wengi husoma, hunitazama, halafu husoma tena.

Idara yetu ilizaliwa safarini. Mheshimiwa alikwenda ughaibuni kwa shughuli za kitaifa, na huko akawaona watu wazima, wenye akili zao timamu, wamesimama mbele ya ghala kuukuu la nafaka wakilipiga picha. Akauliza kuna nini. Akaambiwa ni zuri. Alirudi amenuna. Alituita wote kwenye ukumbi wa mikutano, akatukagua mmoja mmoja kama baba aliyekuta sufuria tupu, akasema, "Wenzetu wana maghala mazuri. Sisi tuna maghala tu. Nataka kujua nani alizembea."

Hakuna aliyejitokeza, basi ikaundwa idara.

Jukumu letu, kwa mujibu wa waraka ulioiunda, ni kubaini, kutangaza na kulinda uzuri uliomo katika majengo ya kazi: matangi ya maji, vyumba vya pampu, vituo vya basi, madaraja ya waenda kwa miguu. Yaani majengo ambayo aliyeyajenga hakuwa na nia ya kumfurahisha mtu. Kubaini ni rahisi, kutangaza ni rahisi zaidi. Shughuli iko kwenye kulinda. Utafiti wetu, ambao niliufanya mwenyewe nikiwa nimeketi, ulionyesha kwamba adui mkubwa wa jengo ni matumizi. Mvua inachangia, jua nalo linachangia, lakini ukitaka kuona jengo lililochakaa kweli kweli, tafuta linalotumika. Kwa hiyo jengo likishatangazwa kuwa zuri, tunaliwekea uzio.

Tulianza na kituo cha basi cha kona ya hospitali, chenye paa la zege lililokunjwa kama karatasi. Sasa abiria wananyeshewa wakiwa nje ya uzio, huku wakilitazama paa. Wengi wao hawakuwahi kulitazama kabla. Kisha tukaja kwenye daraja la waenda kwa miguu, lile jembamba lililo juu ya barabara kuu. Limebaki safi, halina hata alama ya unyayo. Watu wanavuka chini, katikati ya malori, na nimearifiwa kwamba ukipata nafasi ya kuinua macho ukiwa mbioni, linapendeza sana.

Choo cha soko nilikiona nikiwa kwenye gari la ofisi, vioo vimefungwa, tumekwama kwenye foleni. Hapa naomba niache utani kidogo. Jua la asubuhi lilikuwa limekipiga ubavuni. Sehemu ya juu ya ukuta, chini ya paa, imejengwa kwa matofali yenye matundu ya kupitisha hewa, na kila tundu lilikuwa limejaa mwanga. Tangi la zege limekaa juu ya nguzo zake nene bila wasiwasi wowote. Nje kuna sinki moja refu la kunawia mikono, limeanzia upande wa wanawake likaishia upande wa wanaume, na ukingo wake umelainishwa na mikono ya watu mpaka unang'aa. Hakuna pambo hata moja. Kila kilichokuwepo kilikuwepo kwa sababu kilihitajika. Nilisahau kuikasirikia foleni. Nilifurahi moyoni kama mtoto, jambo ambalo halimo kwenye majukumu yangu.

Kisha nikaenda ofisini nikaharibu kila kitu kwa kuandika ripoti.

Ripoti ile nilimsomea dada yangu siku hiyo hiyo jioni, kwenye kibanda chake. Dada anauza ndoo, mabeseni na madumu pale sokoni, mkabala na choo chenyewe. Ndiye aliyenilea. Mama alikuwa akishinda kazini, na mgongo wa Dada ndio uliokuwa kitanda changu. Kwa hiyo nikiandika jambo kubwa humsomea yeye kwanza, naye hunisikiliza huku anapanga mabeseni kwa ukubwa.

"'Jengo hili,'" nilisoma, "'lina mazungumzo ya kina kati ya ujazo na utupu.'"

Dada akaacha kupanga. "Kati ya nini?"

"Ujazo na utupu."

"Utupu? Chooni? Umemwandikia Waziri habari za utupu chooni?"

"Ni lugha ya kitaalamu, Dada. Maana yake ni nafasi iliyo wazi."

"Mdogo wangu, milango ile haiko wazi. Ingekuwa wazi nisingeingia." Akapangusa beseni kwa upande wa khanga yake. "Sasa hicho choo kikishakuwa kizuri, tunaendelea kukitumia?"

"Mtaendelea kukifurahia."

"Nimekuuliza kukitumia."

"Kutakuwa na utaratibu."

"Loo," akasema Dada. Akisema loo namna ile, huwa ameshaelewa yote.

Inafaa msomaji ajue kwamba Dada ana kisukari. Daktari amemwambia anywe maji ya kutosha, hasa akikaa juani, na yeye ni mtu wa kufuata masharti ya daktari. Maji yakiingia hutaka kutoka, na kwake hayasubiri. Wenzake walipokuwa wakigombania vibanda vya karibu na lango, ambako wateja ni wengi, yeye alichagua kile cha mbele ya choo, na hakuna aliyemuonea wivu. Mimi haya yote nilikuwa nayajua, na bado niliipeleka ripoti.

Likafuata suala la kibao. Kila Jengo Zuri lazima liwe na kibao, na kila kibao lazima kipitishwe na kamati. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: NI MARUFUKU KUINGIA BILA SABABU YA MSINGI. Mwakilishi wa Idara ya Ujenzi akasimama papo hapo. Alisema mambo ya msingi ni ya idara yake, pamoja na kuta na lenta, na kwamba hawezi kukaa kimya akiona msingi unachukuliwa mchana kweupe. Tulibishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Ndipo nilipopata neno. Fupi, la heshima, linaenea kwenye kibao, na halimo katika idara ya mtu yeyote. Niliandika: NI MARUFUKU KUINGIA BILA HAJA.

Kamati ilipiga makofi. Mkurugenzi Mkuu, bosi wangu, alisema ni mara chache kuona Kiswahili kimenyooka hivyo. Rasimu ilisomwa tena na tena pale mezani, kwa sauti, na kila mjumbe akaridhika. Kosa letu ni kwamba hatukuisoma mbele ya choo. Fundi aliagizwa atengeneze vibao vingi kabisa, kwa ajili ya majengo yote mazuri ya baadaye, kwa sababu tulitarajia uzuri utaongezeka.

Wakati kibao kikisubiri siku ya uzinduzi, choo kilitiwa kufuli. Mlinzi wake alikuwa yule yule mama aliyekuwa akikisimamia na kukisafisha siku zote, ambaye soko zima humwita Bi Ufunguo. Tulimpandisha cheo kuwa Mhifadhi, tukampa kofia na filimbi. Mtu akikaribia mlango, Bi Ufunguo alipuliza filimbi.

"Jamani, si mimi," aliwaambia wenzake. "Mimi nimeambiwa nipulize, napuliza. Nikiambiwa nifungue, nitafungua."

Wiki hiyo hiyo Dada alikuja ofisini kwangu. Nilisikia sauti yake mapokezini nikiwa bado ndani. Binti wa mapokezi ni mtu anayefuata taratibu, na taratibu zinasema kila mgeni aulizwe.

"Karibu mama. Una haja gani na Mkurugenzi Msaidizi?"

"Mkurugenzi sina haja naye. Haja yangu ni choo."

"Samahani, sijaelewa. Umekuja kuhusu mradi wa choo?"

"Mwanangu, mradi ninao hapa nilipo, na uko karibu kukamilika. Nielekeze."

Alielekezwa. Kesho yake alikuja na muuza viatu. Siku iliyofuata korido ya Idara ya Uzuri Usiotarajiwa ilikuwa na foleni ya akina mama, wengine na vikapu vyao, na wakawa wanajuliana hali na kusifia marumaru. Mimi nilijifungia ndani nikajifanya niko kwenye simu. Mkurugenzi Mkuu alitoka ofisini kwake akiwa na taulo lake dogo begani, akakuta foleni, akasimama nyuma ya muuza viatu kwa muda mrefu sana. Mchana likatoka agizo la kuzuia wananchi kutumia vyoo vya wizara. Sahihi iliyowekwa chini ya agizo ilikuwa yangu, kwa kuwa wageni wale, bosi alisema, walikuwa wangu.

Dada hakuja tena. Nilikwenda kumuona siku moja kabla ya uzinduzi, alasiri, jua likiwa kali. Nilimkuta ameketi kwenye dumu, kimya, midomo imemkauka. Kikombe chake cha bati, ambacho hakikosi kuwa mkononi mwake, kilikuwa kimefunikwa juu ya ndoo.

"Dada, huumwi?"

"Nimeacha kunywa maji mchana," akasema, kwa sauti ya mtu anayekuambia ameacha sukari kwenye chai. "Nakunywa nikirudi nyumbani. Huku nikinywa nitakwenda wapi? Choo cha kliniki kiko kule ng'ambo ya barabara, na daraja nalo mmelifungia kwa uzuri."

"Lakini daktari alisema..."

"Daktari alisema ninywe. Wewe ukasema nisikojoe. Nimewasikiliza wote wawili, nyote ni wasomi."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na suti yangu, nikatazama choo. Jua la alasiri lilikuwa limehamia upande wa pili na matundu yalikuwa meusi. Nilijaribu kukiona kizuri kama nilivyokiona siku ile, nikashindwa. Nilihisi aibu inanipanda mpaka masikioni. Nilimwambia Dada nitazungumza na wakubwa.

"Zungumza nao," alisema. "Ila usiwasomee. Waambie tu."

Nilikwenda kwa Mkurugenzi Mkuu, nikamkuta anachagua tai ya kuvaa kesho, nikamsaidia kuchagua.

Asubuhi ya uzinduzi ilipendeza. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, na meza kuu yenye chupa za maji zilizopangwa kama askari. Mheshimiwa alibanwa kipaza sauti kidogo kwenye kola ya koti, kwa sababu anapohutubia hupenda mikono yote miwili iwe huru. Kibao kilikuwa juu ya mlango wa choo, kimefunikwa kitambaa chekundu, na chini yake Bi Ufunguo amesimama wima na kofia yake. Wafanyabiashara walijaa. Dada alikuwa mstari wa mbele, kikombe mikononi.

Mheshimiwa alihutubia muda mrefu, akinywa maji kila alipopigiwa makofi, na tulikuwa tumepanga apigiwe mara nyingi.

"Wapo watakaouliza," alinguruma, "Waziri mzima ana haja gani na choo cha sokoni? Nawajibu hadharani. Mimi hapa sina haja! Ofisini ninacho, nyumbani ninavyo. Mbele yenu nyote, na mnishuhudie: sina haja!"

Makofi. Akanywa maji. Akavuta kitambaa.

"Mhifadhi," akamwambia Bi Ufunguo, "wasomee wananchi."

Bi Ufunguo akageuka, akainua kidevu, akasoma neno kwa neno kama anayesoma majina ya waliofaulu. "Ni. Marufuku. Kuingia. Bila. Haja."

Mahali fulani nyuma, mtu mmoja akakohoa. Kisha nikaona mkono umeinuka mstari wa mbele, kikombe kikiwa bado kimeshikwa.

"Mimi ninayo," akasema Dada.

"Una nini, mama?" akauliza Mheshimiwa.

"Haja."

"Na mimi ninayo!" akasema muuza viatu. "Hata mimi!" ikasikika sauti ya mwanamume, ya mtu aliyekuwa amejikaza muda mrefu. Mikono ikaanza kuinuka soko zima, na tabasamu la Mheshimiwa likabaki usoni bila kazi. Akainama kuelekea meza kuu.

"Nani ameandika hii?"

Sijawahi kuona kamati ikikubaliana kwa haraka namna ile. Vidole vyote vilinielekea mimi, pamoja na cha mwakilishi wa Ujenzi, ambacho kilikuwa na furaha.

"Simama ufafanue," Mheshimiwa akaniambia. "Haja iliyokusudiwa ni haja gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Haja ya kiofisi, yenye kibali cha Wizara. Ningelitamka na kukaa, kufuli lingebaki, nami ningebaki na mlango wangu wa herufi za shaba. Nilifungua kinywa kulisema. Nikamtazama Dada. Mkono wake ulikuwa bado juu, kama mwanafunzi ambaye mwalimu amesahau kumchagua, na midomo yake ilikuwa imepasuka.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama kidete. Ukweli ni kwamba nilisimama nimeshika kiti, na sikukiachia mpaka nilipomaliza kusema.

"Mheshimiwa," nikasema, "kwa mujibu wa taratibu za uandishi wa kanuni, neno lisilofafanuliwa huchukuliwa kwa maana yake ya kawaida, mahali pale linaposomwa."

"Yaani?"

"Yaani, Mheshimiwa, likisomwa mezani ni jambo jingine. Lakini likisomwa hapa..." Nikageuka kukitazama choo, kana kwamba kitanisaidia. "Likisomwa hapa, haja ni haja."

Nilisikia Mkurugenzi Mkuu akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Lakini Bi Ufunguo alikuwa ameshaitoa filimbi shingoni na ameitumbukiza mfukoni. Kufuli likalia kwacha.

"Mimi nafuata maandishi," akasema. "Mwenye haja apite. Asiye na haja asinizibie mlango."

Dada alikuwa wa kwanza. Hakukimbia. Alinyoosha khanga, akampa muuza viatu kikombe amshikie, akapita mbele ya meza kuu taratibu kama mgeni rasmi. Nyuma yake foleni ikajipanga yenyewe, wanawake kulia, wanaume kushoto, bila kamati yoyote. Kila aliyefika mlangoni alisema, "Nina haja," na Bi Ufunguo akajibu, "Pita."

Mheshimiwa ni mwanasiasa mzoefu. Aliona haraka kwamba hawezi kuwazuia watu wale mbele ya kamera, basi akaanza kupiga makofi kama aliyepanga yeye. Alikaa. Alitabasamu. Baada ya muda nikaona amekaa kwa upande. Kisha akahamia upande wa pili. Kisha akakunja mguu mmoja juu ya mwingine, akaukunjua, akaitazama chupa yake tupu kwa chuki. Mwishowe akainuka, akafunga kifungo cha koti, akatembea kwa hatua fupi fupi mpaka mlangoni.

"Karibu Mheshimiwa," akasema Bi Ufunguo. "Una haja?"

"Nimekuja kukagua."

"Kukagua si haja. Kibao hiki hapa. Halafu umetushuhudisha mwenyewe, hapa huna."

"Mama, nifungulie njia tafadhali."

"Sema tu, baba. Wote wanasema. Si aibu."

Mheshimiwa akatazama huku na huku. Akainama sikioni kwa Bi Ufunguo, akanong'ona. Alisahau kile kidude kwenye kola. Spika zote za soko, zile za langoni na zile za mwisho kabisa kwa wauza mitumba, zikatangaza kwa sauti nzito: "NINA HAJA."

"Pole, Mheshimiwa!" akajibu mtu kutoka kwa wauza mitumba.

Akapita. Fundi wa spika alisogeza mkono kwenye swichi zake, akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa afisa wa karibu. Nilimwambia hairuhusiwi kugusa vifaa vya serikali bila maandishi, naye ni mtu mtiifu. Yaliyosikika baada ya hapo umma uliyasikia, na sitayaandika, kwa heshima ya ofisi.

Kisha ikatoka sauti, si ile ya jukwaani. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu aliye peke yake.

"Hee. Tazama huo mwanga. Tazama ulivyolala pale sakafuni, vipande vipande. Nani kapanga hivi?"

"Hakuna aliyepanga, mzee," ikajibu sauti nyingine, ya mtu aliyekuwa akisubiri. "Ni matundu ya hewa tu. Kila asubuhi huwa hivyo. Ukimaliza unipishe."

Soko lililipuka kwa kicheko. Mimi nilicheka na wao, halafu nikashtuka kwa wivu. Nilikuwa nimeandika ripoti nzima juu ya jengo lile, nikaliundia kanuni, nikalitafutia maneno, na sikuwahi kutia mguu ndani yake. Nikajipanga kwenye foleni ya kushoto. Nilipofika mlangoni nilisema ninayo, na nilikuwa nayo tangu nilipoambiwa nisimame nifafanue. Ndani, mwanga ulikuwa kweli sakafuni, vijisanduku vya njano kwenye saruji iliyolowa, na kila mtu alipopita vilimpanda miguuni vikamshuka. Milango ya bati ilikuwa ikibamizwa, maji yakimwagika, mtu akiimba vibaya. Kilikuwa kizuri kuliko siku ile nilipokiona garini, kizuri kabisa.

Nilipotoka nilimkuta Dada ameketi kwenye dumu lake. Kikombe kilikuwa kimejaa. Alikunywa chote bila kupumzika, akapangusa mdomo, akachota kingine.

"Ripoti yako ilisahau kitu," akaniambia.

"Kitu gani, Dada?"

"Milango inafungika. Yote, kwa ndani. Uzuri gani mwingine ulikuwa unautafuta?"

Mheshimiwa naye alikuwa amerudi jukwaani na ameshaelezwa habari za kipaza sauti. Uso wake ulikuwa umeiva, lakini kiongozi hakosi la kusema. Alitangaza papo hapo kwamba choo kibaki wazi, kama ilivyokuwa nia yake tangu mwanzo. Halafu akanyoosha kidole angani.

"Na haiwezekani," akasema, "choo cha soko kiwe kizuri kuliko Wizara! Kuanzia kesho, jengo la makao makuu ya Wizara yangu ni Jengo Zuri, na litalindwa kwa kanuni zile zile!"

Tulipiga makofi. Vibao, kama mnavyokumbuka, vilikuwa vingi, vimeshatengenezwa. Kimoja kikapelekwa kituo cha basi, na abiria wenye haja ya kujikinga mvua wakaingia. Kingine kikapelekwa darajani. Kingine kikapigwa misumari juu ya mlango mkuu wa Wizara, na utekelezaji ukakabidhiwa kwa binti wa mapokezi, ambaye, kama nilivyosema, ni mtu anayefuata taratibu.

Asubuhi ya kwanza alimsimamisha Mkurugenzi Mkuu.

"Shikamoo mzee. Una haja gani humu?"

"Marahaba. Mimi nakuja kuratibu."

"Kuratibu nini?"

Mkurugenzi Mkuu alifikiri. Akasogea pembeni ili afikiri vizuri, awapishe wengine. Mwakilishi wa Ujenzi alisema amekuja kwa mambo ya msingi, akaombwa ataje hata moja. Maafisa wakajazana barazani na mikoba yao, wakinong'onezana, wakiulizana kila mmoja mwenzake hufanya nini mle ndani. Mheshimiwa alipofika alisema, "Mimi ni Waziri," na binti akamjibu kwa adabu zote kwamba hicho ni cheo, yeye ameuliza haja. Aligeuza gari. Siku hizi asubuhi huonekana sokoni, ananawa mikono kwenye lile sinki refu, na anapita mlangoni kwa Bi Ufunguo bila matatizo.

Walio barazani bado wapo. Wameletewa viti.

Mimi peke yangu ndiye ninayeingia Wizarani kila siku. Nikiulizwa, nasema nina haja ndogo, na binti ananipisha. Naingia, naimaliza, nanawa, natoka. Katika utumishi wangu wote, hiyo ndiyo haja ya kwanza ya kweli niliyowahi kuipeleka katika jengo lile.